Kiroboto na Amina ya Mzee Obadiah

Tulimwacha Emlyn Prosser kalala chali katikati ya ulingo, mikono kainyoosha ubavuni kama maiti iliyoandaliwa na watu wenye adabu, na mwamuzi Pugh kamwinamia anahesabu. Tulifika saba.

"Nane," akasema Pugh.

Ngoja kwanza nimhurumie yule aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine limefungiwa samaki. Ndugu yangu, huyo aliyelala ni bingwa wa Wales nzima wa uzito mwepesi kuliko wote, mchimba makaa wa zamani wa bonde letu la Cwm Hebog. Tunamwita Emlyn Kiroboto. Ni mwepesi kiasi kwamba siku za upepo mkewe Lowri hamtumi kuanua nguo, asije akaanuliwa yeye. Aliyemlaza ni Mmarekani mmoja, Kincaid, ajiitaye Chui, mwenye masharubu yaliyopakwa nta na kaptura ya nyota. Ni Jumatatu ya sikukuu ya mwezi wa nane, mwaka 1911, alasiri, ndani ya hema lililosimikwa kwenye uwanja wetu wa mpira. Basi, umeshatufikia. Twende.

"Tisa," akasema Pugh.

Kiroboto akasimama.

Msiniulize kaamkaje. Wengine wanasema ni moyo wa bingwa. Wengine wanasema kuna mtu alimrushia mwamuzi ndoo ya maji akakosa shabaha. Mimi nachukua yote mawili, sina ubaguzi. Alisimama, magoti yanacheza ngoma mbili tofauti, na kabla Mmarekani hajamfikia kengele ya raundi ikalia.

Kwenye kona alimngojea Lewsyn Jeneza, msaidizi wake. Lewsyn ni seremala wa majeneza, na hata akimpangusa mtu damu anamtazama kwa urefu na upana. Ni mazoea ya kazi, hana nia mbaya.

"Ulishusha mikono," akasema Lewsyn. "Miaka yote hii nakufundisha usishushe mikono. Leo umeshusha yote miwili, ukainamisha na kichwa. Ulikuwa unatafuta nini chini, kifungo?"

Emlyn akatema maji. "Nilikuwa naitikia Amina."

"Amina ya nini?"

"Ya kwaya."

Hata Lewsyn alikuwa ameinamisha kichwa wakati ule. Ndiyo sababu ngumi yenyewe hakuiona.

Hapa lazima niwaeleze habari za kwaya. Bondeni kwetu halifanyiki jambo bila kwaya. Tunaimba arusini, msibani, kwenye mgomo, hata kwenye mnada wa ng'ombe. Siku hiyo kwaya ya wanaume wa kanisa la Seion ilikuwa upande wa kulia wa hema, kwenye mabenchi waliyokuja nayo wenyewe, suti nyeusi, jasho linawatiririka. Besi yao ni nzito mno, usiku wa mazoezi kuku wa jirani hawatagi kesho yake. Mwalimu wa kwaya ni Mzee Obadiah Rees: mzee wa kanisa, msimamizi wa zamu mgodini, na baba mzazi wa Lowri. Obadiah anaichukia ndondi kuliko anavyomchukia shetani, kwa sababu shetani, anasema, hajawahi kumwona akitembea mbele za watu na kaptura. Alikuja pale, kwa maneno yake mwenyewe, kulitakasa hema.

Sasa Seion wana sheria yao. Kwaya ikifika Amina, unafumba macho, unainamisha kichwa, unashusha mikono. Mtoto asiyefanya hivyo anachomwa mbavuni na ncha ya mwavuli wa Obadiah. Emlyn alichomwa utoto wake wote. Hata leo ukimwambia Amina akiwa usingizini, atakizamisha kichwa kwenye mto kwanza, ndipo aulize kama nyumba inaungua.

Ingekuwa nafuu kama Amina ingekuwa na wakati wake. Haina. Kwetu wimbo ukinoga, kiitikio kinarudiwa. Mtu yeyote aliyeguswa, awe bibi kizee wa kiti cha nyuma kabisa, akikianzisha upya kwa sauti, wote wanamfuata, na mwalimu wa kwaya hana ruhusa ya kumkatiza, kwani yeye ni nani azime alichokiwasha Roho? Kinaweza kurudiwa mara mbili. Kinaweza kurudiwa mpaka viazi viungue majumbani. Mwisho mwalimu anainua mikono yote miwili juu, na Amina inashuka.

Kwa hiyo Emlyn alikuwa anapigana na watu wawili: mmoja mbele yake mwenye masharubu, mwingine pembeni mwenye mikono.

"Mwambie mkweo anyamaze," akasema Lewsyn.

"Mwambie wewe."

Lewsyn akamtazama Obadiah. Akautazama na mwavuli, umeegemezwa pale kwenye benchi. Akasema pengine ni heri watafute njia nyingine.

Na huyo mkwe alikuwa na lake moyoni. Mlionifuata tangu mwanzo mnayakumbuka makubaliano ya siku ya posa, mezani kwa Obadiah, mbele ya keki ya zabibu. Mzee alimtoa binti kwa sharti moja: siku utakayopoteza mkanda, ngumi basi, unarudi mgodini kwenye zamu yangu, na kanisani unakaa kwenye besi, kiti cha Tegid. Emlyn akakubali haraka kama wanavyokubali waposaji wote.

Tegid alikuwa kaka yake Lowri. Alishuka shimoni asubuhi moja akipiga mluzi, akapandishwa jioni amefunikwa koti la baba yake. Tangu siku hiyo Lowri aliapa kwamba ataolewa na mwanamume yeyote anayefanya kazi juu ya ardhi, hata kama kazi yenyewe ni kupigwa. Basi mkanda ule haukuwa pambo la kiunoni. Ukienda leo, kesho alfajiri Emlyn anashuka.

Kengele.

Kwaya ikaanza wimbo mwingine, na raundi ikaanza nao.

Obadiah si mjinga. Alishaona ni kitu gani kilimlaza mkwewe, na sasa alisimama kiupandeupande, jicho moja kwa waimbaji, jingine kwa ngumi ya kulia ya Mmarekani. Watu walidhani ameguswa na wimbo. Lowri hakudhani hivyo. Lowri alikuwa mstari wa mbele, kofia yenye matunda ya bandia kichwani, pamoja na akina mama wachache waliokuja kuhakikisha kwa macho yao kwamba ndondi ni dhambi. Yeye anamjua baba yake. Mzee akiwa na hila, kidole chake cha mwisho kinasimama chenyewe.

Kidole kilikuwa kimesimama.

Lowri akamvuta Lewsyn suruali kutoka chini ya kamba, akamwambia kwamba baba anawinda. Lewsyn akajibu kwamba ameona, na kwamba tafadhali aache suruali.

Ulingoni Mmarekani alikuwa amemsukumia Kiroboto kwenye kamba. Kushoto, kushoto, tena kushoto. Mkono wa kulia ukarudi nyuma polepole, kama mlango wa ghala. Na Obadiah akainua mikono miwili juu.

"Aaaaa," ikaanza kwaya.

Emlyn alipambana na kichwa chake, nawaambieni kweli. Aliikaza shingo mpaka mishipa ikatoka. Kichwa kikaenda. Macho yakafumba. Mikono ikashuka. Akasimama pale na kidevu chake kitupu, akiwaza mashimo na makoti, akingoja konde.

Konde halikuja.

Akangoja tena. Amina ya Seion ni ndefu, mtu anaweza kumenya kiazi ndani yake. Halikuja. Kiroboto akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe: akafumbua jicho moja katikati ya Amina.

Chui Kincaid, simba wa Marekani kama si chui wake, alikuwa amesimama mbele yake kichwa chini, mikono ubavuni, midomo inachezacheza.

Mwamuzi Pugh naye, ambaye siku za kazi anashona viatu na Jumapili anakaa nyuma ya Obadiah, alikuwa katikati yao amefumba macho, kidole bado kimenyooshwa hewani kumwonya mtu. Hema zima limeinama. Wachimba makaa, wauza bia, wezi wa mifukoni, wote. Jasho la mabondia likawa linadondoka kwenye mbao, tone moja moja.

Mtu mmoja tu hakuelewa. Huyo ni Bwana Crake, mwenye hema na mwenye Mmarekani, mtu wa Bristol mwenye kizibao cha njano, ambaye kwake Jumapili ni siku ya kuamka saa saba. Aliona umati umeshikwa na kitu. Akamwambia bondia wake ampige huyo, kasinzia. Mama mmoja akamtandika mkoba wa kichwa bila kufumbua macho.

Amina ikaisha. Emlyn akamrukia Mmarekani, wakakumbatiana.

"Wewe ni wa kanisa gani?" Emlyn akamnong'oneza kwa Kiwelshi.

Pugh akawatenganisha. Wakarushiana mbili tatu kwa heshima ya watazamaji, wakakumbatiana tena.

"Bethania," akasema Mmarekani, kwa Kiwelshi safi cha ng'ambo ya mlima wetu. "Unisamehe kwa ile ya kwanza. Amina ilipofika, ngumi ilishaondoka."

"Nilishangaa."

"Mwenyewe niliinama baada yake. Watu wakafikiri najivuna."

Pugh akawatenganisha. Wakarudiana. Kwa vipande vipande, kati ya ngumi na ngumi, habari yote ikatoka. Jina lake Idwal Beynon. Mmarekani wa kweli alifika bandarini Cardiff, akachungulia mvua, akakataa kushuka melini. Crake akahitaji mtu mwepesi mwenye mkono mzito kabla ya Jumatatu, akaambiwa kuna kijana chuoni anayejifunza ngumi kwa siri nyuma ya maktaba. Masharubu ni manyoya ya mbuzi.

"Chuo gani hicho?" akauliza Emlyn.

"Cha wachungaji."

Emlyn akarusha ngumi ikapita juu ya kichwa cha mwenzake kwa kimo cha mtu mzima.

"Jumapili hii nahubiri kwa majaribio," Idwal akaendelea walipokumbatiana. "Wazee wa kanisa wakinipenda, ndio mchungaji wao. Hawajaniona bado, wameniita kwa sifa tu. Seion, Cwm Hebog."

Emlyn akamkanyaga mguu kwa mshtuko. "Hilo ni kanisa langu."

"Basi utaniombea," akasema Idwal, akampiga ya tumbo.

Kengele ikalia.

Kwenye kona Emlyn alimweleza Lewsyn kila kitu, na Lowri akasikia, kwa sababu alikuwa ameshapanda ngazi ya ulingo na nusu ya mwili wake iko ndani ya kamba. Lewsyn alifurahi sana. Alisema kazi imekwisha: amwambie Pugh kwamba huyo Mmarekani si Mmarekani, pambano linafutwa, mkanda unabaki, watu wanakwenda kunywa chai. Hesabu zake zilimwambia kwamba Kiroboto yuko nyuma kwa sababu ya kule kuanguka. Zimebaki raundi chache, na asipomlaza mtu atapoteza.

Emlyn akasema hapana. Yule kijana akitajwa, Seion haitamtaka, wala kanisa lolote bonde hili na bonde lile. "Mkanda niliupata kwa ngumi," akasema. "Siutunzi kwa umbea."

Lowri alimtazama mumewe. Jicho moja limevimba kama andazi, pua imehama.

"Sema, Emlyn," akamwambia taratibu. "Mimi sitaki kukupokea umefunikwa koti la mtu."

Hema lilikuwa linapiga kelele, lakini wale watatu hawakuisikia.

"Hutanipokea hivyo," akasema Emlyn. "Mimi niachie huyu. Wewe nishikie baba yako."

"Nimshikeje?"

"Wewe si una sauti?"

Lowri akashuka ngazi, akairekebisha kofia.

Nawarukisha raundi kadhaa, maana ndani yake hakuna kitu zaidi ya watu wawili kupigana, na hicho mnaweza kukiona bure nje ya baa yoyote. Tufike ya mwisho.

Obadiah aliuweka wimbo wake mkubwa kwa raundi hiyo, ule ambao Seion wanauimba mara moja kwa mwaka kwa kuogopa paa. Kwaya ikasimama. Ubeti wa kwanza, hema likatetemeka. Wa pili, watu wakaanza kujiunga. Walipofika kiitikio, kidole cha mwisho cha Obadiah kikasimama. Ulingoni Idwal alikuwa amempata Kiroboto pembeni. Mikono ya mzee ikaanza kupanda.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapaa peke yake kutoka mstari wa mbele, ikakianzisha kiitikio upya.

Obadiah akageuka kama aliyeumwa na nyuki. Lowri alikuwa amefumba macho, uso umeinuliwa, mikono kifuani, mtakatifu mtupu. Kwaya ikamfuata. Ingefanya nini? Binti ameguswa. Mzee akashusha mikono, akaongoza kiitikio meno yamemkaza.

Kikaisha. Mikono ikapanda. Lowri akakianzisha tena.

Kilichofuata hakijawahi kuonekana kwenye ndondi wala kanisani. Baba na binti walipigana juu ya vichwa vya watu bila kugusana. Yeye akiinua mikono, huyu anainua sauti. Hema lote likaingia, wauza bia wakaacha mapipa, wezi wa mifukoni wakarudisha walichochukua ili wapate mikono ya kupigia makofi. Wanaosema hema lilinyanyuka ardhini wanatia chumvi. Ni upande mmoja tu ulionyanyuka. Na ndani ya kelele hiyo Kiroboto akaamka. Wimbo ulimwingia miguuni. Akawa anaruka kwa mapigo yake, anapiga penye mkazo, anapumua penye koma. Kushoto mbavuni, kulia sikioni. Idwal akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa kamba.

Lewsyn alikuwa analia machozi kwenye ndoo.

Basi hapo hapo, moshi wa viko mia ukamwingia Lowri kooni. Alifungua mdomo kuanzisha kiitikio, kikatoka kikohozi.

Mikono ya Obadiah ikafika juu kabisa.

"Aaaaa..."

Kichwa cha Idwal kikainama. Mikono yake ikashuka. Pugh akafumba macho. Hema likainama lote, na Bwana Crake, aliyekwisha kujifunza, akajifunika kichwa na kizibao chake akimhofia mama mwenye mkoba.

Na Emlyn Kiroboto, ambaye alishaionja Amina kwa jicho moja wazi, akabaki macho wazi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma, umeshajaa. Mbele yake kidevu cha mtu kimewekwa kama yai kwenye kikombe. Hakuna anayemwona. Ngumi moja tu, na mkanda ni wake, na kesho alfajiri atalala mpaka jua lipige dirishani, na Lowri atakuwa anaimba jikoni.

Hakuushusha mkono. Hakuurusha pia. Alisimama hivyo, ngumi juu, akaisikiliza Amina.

Sauti za juu zikaisha. Za kati zikaisha. Besi wakaendelea, wale hawana haraka kamwe. Akabaki mzee mmoja wa besi, Hopkin, ambaye maisha yake yote humaliza peke yake baada ya wenzake. Hopkin naye akafunga mdomo. Idwal Beynon akainua kichwa, akafumbua macho, akaiona ngumi, akaelewa, akapata hata nafasi ya kuinua glavu hadi kifuani.

Zilikuwa zinahitajika kidevuni.

Alianguka kwa mpangilio, kwanza magoti, kisha makalio, kisha yeye mwenyewe. Pugh akafumbua macho akamkuta mtu chini, akaanza kuhesabu kwa kuwa ndiyo kazi yake, akafika kumi.

Kabla hajaunyanyua mkono wa mtu, Crake akawa ulingoni. Ghafla alikuwa mtetezi mkubwa wa dini. Alisema mtu wake kapigwa akiwa katika sala, jambo la aibu, jambo la kikafiri, hata Bristol halifanyiki, na anadai mkanda. Pugh akajikuna kichwa. Aliwauliza walio mbele kama wameona. Walikuwa wamefumba macho. Akauliza walio nyuma. Walikuwa wamefumba macho. Akamuuliza Crake kaona nini, Crake akasema aliona kizibao.

Kulikuwa na mtu mmoja tu asiyefumba macho kwenye Amina, maana mwalimu wa kwaya akifumba, besi hawatanyamaza mpaka Krismasi.

Pugh akaegemea kamba. "Mzee Obadiah," akasema kwa adabu, "ngumi ilipotua, Amina ilikuwa imekwisha, au ilikuwa haijakwisha?"

Hema lote likamgeukia mzee.

Mzee aliiona kesho yote imewekwa mbele yake. Neno moja tu, na mkwewe atashuka naye alfajiri kwenye kizimba kile kile cha kushukia shimoni, bega kwa bega, na Jumapili kiti cha Tegid hakitakuwa kitupu tena. Miaka minne amekiongoza kiti kitupu. Akamtazama binti yake. Lowri alikuwa bado anajizuia kukohoa. Alimtazama baba yake vile vile alivyomtazama ile jioni ya koti.

"Hopkin alikuwa ameshafunga mdomo," akasema Obadiah. Sauti ilimtoka kwa shida, kama jino. "Amina ilikuwa imekwisha. Kijana aliingojea." Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaongeza: "Macho wazi, lakini. Hilo tutalizungumza kanisani."

Pugh akaunyanyua mkono wa Kiroboto, na kelele iliyotoka pale ilivunja madirisha ya stesheni. Mkanda ukarudi kiunoni kwake, ukazunguka mara moja na nusu kama kawaida. Lewsyn akambeba begani. Lowri akaingia chini ya kamba, kofia ikabaki nyuma, akaushika ule uso uliovimba kwa mikono miwili akatafuta mahali pasipouma pa kubusu. Hapakuwepo. Akabusu hivyo hivyo.

Hadithi ingeishia hapo kama wangemwacha Idwal alale. Lakini kuna msamaria aliyemmwagia ndoo.

Masharubu yakaondoka na maji, moja likanasa kwenye kamba kama panya. Idwal akaketi, macho yamegeuka meupe, akafungua mikono yake miwili yenye glavu. "Wapendwa wa Seion," akatangaza, kwa sauti nzito tamu iliyofika mpaka barabarani, "mimi mtumishi wenu Idwal Beynon nawashukuru wazee wa kanisa kwa kunialika." Kisha akalitaja somo la Jumapili, sura na mistari, akarudi kulala.

Obadiah alipanda ngazi za ulingo moja moja. Akamtazama yule aliyelala. Akaitazama kaptura ya nyota. Ilimchukua muda, maana kila alipoikubali habari moja ilibidi aikubali na nyingine. Mwisho akamgeukia mkwewe.

"Umemlaza mhubiri wangu."

Emlyn akasema kwa heshima kwamba hajambo yule, mpaka Jumapili atakuwa amepona. Obadiah akaonyesha kwa ncha ya mwavuli jicho la Idwal, lilivyoanza kuwa zambarau. Alisema mtu mwenye jicho la namna hiyo hapandi mimbari ya Seion, watoto watamwelewa vibaya. Baadaye watayazungumza mengine na huyu kijana, na yatakuwa marefu.

"Lakini mimbari haikai tupu," akasema mzee. "Aliyemuondoa mhubiri ndiye atakayehubiri. Jumapili utapanda wewe."

Bingwa wa Wales nzima, aliyewahi kupigana mbavu mbili zimevunjika bila kuguna, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba. Maisha yake yote mbele za watu hajawahi kusema zaidi ya asante. Akamtafuta Lowri amwokoe. Lowri alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kona, ameshika tumbo, anacheka mpaka hana sauti.

Ndipo kitu kikamshika Emlyn kiatu. Akatazama chini. Idwal alikuwa amefumbua jicho lake zima, na akili zilikuwa zimemrudi.

"Usipande, ndugu," akanong'ona. "Unadhani kwa nini nilikubali haraka kuja kupigwa leo? Nilitaka uso uliovimba, nisamehewe kuhubiri Jumapili."

Emlyn akainama. Akamwuliza pana nini katika mimbari ile; mchungaji wa mwisho si alihamia pwani kwa ajili ya kifua? Ndivyo alivyoambiwa, kwa kuwa yeye siku hizo alikuwa London akiutafuta mkanda.

"Nimemwona huyo mchungaji," akasema Idwal. "Kifua chake ni kizima kama chako. Muulize mkeo ni nani aliyemfungulia mchungaji mlango wa nyuma wa kanisa siku aliyoondoka, na kwa nini mchungaji tangu hapo hajapanda hata ngazi ya nyumba yake."

Emlyn akageuka amuulize Lowri.

Lowri alikuwa ameacha kucheka.

(Itaendelea.)